KIPIMO CHA KUNI KIWE KIMOJA

Ndugu Wafanya Kazi,

Hapa Keringet baridi haina likizo. Kuni hutakiwa nyumbani, hotelini na shuleni, na zaidi ya hapo viwanda vya chai huzitaka, maana moto wa boila ndio utoao mvuke wa kukaushia majani. Si ajabu basi kwamba baadhi ya ndugu zetu waliopunguzwa kazini wameanza biashara ndogo ya kuni. Hununua mikaratusi iliyosimama mashambani, hukodi lori, na huandika vijana wanne au watano wa kukata, kupasua na kupakia. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipokataza kukata miti katika misitu ya umma, wanunuzi wengi waligeukia miti ya wakulima. Hata Rais alipotangaza kuondoa katazo hilo akiwa jirani yetu Molo, Julai 2023, biashara hii ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wetu ni juu ya kipimo.

Kuni huuzwa kwa mita: lundo la mita moja kwa urefu, mita moja kwa kimo, na vipande vya mita moja. Mkataji naye hulipwa kwa lundo. Mimi nilimkatia kuni mwenye lori mmoja, sitamtaja, ambaye fimbo yake ya kupimia vipande ilikuwa na sentimita 120. Kwa mbele lundo lilikuwa mita kwa mita, wala hapana aliyetazama kina chake. Piga hesabu mwenyewe: malundo 10 tuliyolipwa sisi yalikuwa 12 alipoyauza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilikuwa chake.

Wachuma chai hawatashangaa. Wao wanajua siku zote kwamba mshahara wa kilo huanzia kwenye mizani, si ofisini.

Jambo la pili ni maji. Mti uliokatwa leo waweza kuwa nusu yake maji kwa uzito. Kuni hizo zikikataliwa au zikipunguzwa bei, tajiri hukata hasara katika ujira wa wapakiaji. Je, mpakiaji ndiye aliyeharakisha lori? Kukausha ni shauri la mwenye biashara. Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo zisiguse udongo, zifunikwe juu na kuachwa wazi ubavuni upepo upite, kisha zingojewe miezi kadhaa. Mwenye mtaji mdogo na anunue miti michache awezayo kuingojea.

Najua majibu yao: mafuta ya lori ni ghali, na malipo huchelewa. Ni kweli. Lakini gharama huwekwa katika bei, mbele ya macho ya mnunuzi. Haifichwi katika fimbo.

Tena sheria iko. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja haitwi tena kibarua wa siku. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, humtaka mwajiri awakatie bima wafanya kazi wake. Anayeshika msumeno wa mashine mvuani bila bima anauza mkono wake pamoja na kuni.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila kikundi cha wakataji kiwe na fimbo yake ya mita moja. Lundo lipimwe pande zote tatu, mkataji akiwapo. Hesabu iandikwe katika vitabu viwili, kimoja kwa tajiri na kimoja kwa wakataji. Atakayekataa kitabu cha pili amekwisha kujieleza.

Nawe ndugu uliyetoka katika safu zetu ukawa tajiri mdogo, usisahau ulivyolalamika ulipokuwa ukipimiwa na wengine. Ukiuza kwa mita moja, lipa kwa mita moja.

Wenu katika umoja,
Memba, Keringet