Kisanduku chenye kufuli tatu

Juma lililopita mama mmoja aliniuliza: "Dada, katika AVEC yetu franka 20.000 zinakosa. Wote wanasema ni mtunza feza. Tufanye nini?"

Nikamuuliza: siku ile kisanduku kilifungwa mbele ya nani? Akanyamaza. Kumbe mvua ilikuwa inakuja, wote wakakimbilia nyumbani, mtunza feza akabaki kuhesabu peke yake.

Kufuli tatu ziko na sababu. Funguo zinakaa kwa wamama watatu, kisanduku kwa wa ine. Mbele ya kufunga, feza zinahesabiwa kwa sauti, kila mama anashika jumla kichwani, na mkutano unaofuata unaanza kwa kuitaja. Desturi hiyo inalinda feza, ndiyo, lakini zaidi inalinda jina la yule anayezishika.

Basi msianze na "nani ameiba?" Neno hilo likitoka, hata watoto wake watalisikia kwenye bomba la maji. Fungueni vitabu vyote pamoja, naye akiwa amekaa kati yenu. Pengine ni deni ambalo halikuandikwa. Kama feza zinakosa kweli, yeye aseme wa kwanza.

Wanakutana siku ya posho. Nimemuomba mama yule afike mapema, akae karibu naye.