Mbio Ndefu, Televisheni Fupi

Vipo vipindi vya televisheni ambavyo watengenezaji wake hudai vinaonyesha maisha halisi. Watu wa kawaida huwekwa mbele ya kamera na kupewa jambo gumu la kutenda, nasi watazamaji tukaalikwa kuwashangilia au kuwahurumia. Hatuna ugomvi na burudani hiyo. Lakini vinapozigusa mbio za masafa marefu, yatupasa kuuliza uhalisi huo una kipimo gani.

Tuchukue kipindi cha Marekani kiitwacho The Biggest Loser, kilichoanza kuonyeshwa na shirika la NBC mwaka 2004. Humo watu wanene walishindania fedha kwa kupunguza uzito, na katika baadhi ya misimu mbio za Marathon zilifanywa kuwa kilele cha safari yao. Mwaka 2009 alionyeshwa mshiriki mmoja, aliyekwisha kutolewa mashindanoni, akikimbia Marathon huko Arizona. Watazamaji wakaambiwa kwamba alimaliza kwa muda usiofika saa nne. Baadaye mwaka huohuo ikabainika kwamba njiani alipakiwa garini, akasogezwa mbele kiasi cha maili tatu, kisha akateremshwa amalizie kwa miguu. Waliompakia ni watengenezaji wa kipindi, waliokuwa wakikimbizana na muda wa kupiga picha.

Wapo watakaosema kwamba maili tatu si kitu kwa mtu aliyekimbia zaidi ya ishirini. Kwa mwendo uliotangazwa, maili tatu ni dakika ishirini na saba hivi. Ndugu Juma Ikangaa aliukosa ushindi wa Marathon ya Boston ya mwaka 1988 kwa sekunde moja tu: Ibrahim Hussein wa Kenya alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 43, naye Ikangaa sekunde 44. Alirudi Boston mwaka 1989 akawa wa pili. Alirudi tena mwaka 1990, na kwa mara ya tatu akawa wa pili. Kati ya safari hizo mbili, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Sijui mtengenezaji wa vipindi hivi angemfanyia nini mtu wa namna hiyo. Sekunde ile moja angeipenda sana, maana ina msisimko. Lakini miaka ya alfajiri iliyomfikisha Ikangaa kwenye sekunde hiyo ingekatwa yote, kwa kuwa ndani yake hamna kilio wala muziki, mna mtu anayekimbia peke yake barabarani.

Boston hiyohiyo, mwaka 1980, Rosie Ruiz alitangazwa mshindi wa wanawake. Ilipogunduliwa kwamba alijipenyeza njiani karibu na mwisho, alinyang'anywa ushindi huo katika muda wa siku nane, akapewa Jacqueline Gareau wa Canada. Ruiz aliwadanganya waamuzi. Huko Arizona gari lililetwa na watu walewale waliojitwika kazi ya kutuonyesha ukweli, na kwa sababu hiyo lawama yangu kwa mshiriki yule ni ndogo.

Isidhaniwe kuwa shauri hili ni la Wamarekani peke yao. Picha hizi husafiri, na watoto wetu huzitazama. Mwalimu wa michezo anafahamu kazi ya kumtoa mtoto kwenye mita mia nane hadi kilometa kumi: mwaka mzima, pengine zaidi, na majeraha ya kupumzishia. Mtoto aliyezoea kuona mtu asiyeweza kupanda ngazi akimaliza kilometa 42 baada ya vipindi vichache atajiona mzembe katika juma la tatu, naye ataacha. Hata miili ya washiriki wenyewe haikuitii ratiba ya televisheni. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliowafuatilia washiriki 14 wa kipindi hicho kwa miaka sita, ulionyesha kwamba wengi wao walirudia sehemu kubwa ya uzito walioupoteza.

Kituo cha televisheni kinachonunua vipindi vya aina hii hakitashindwa kuandika mambo mawili chini ya picha: mtu huyu amejizoeza kwa muda gani, na kwa miguu yake amekimbia kilometa ngapi.