Rubisi ya ndooni Kashozi: mnamcheka mama bure, ya kuchekwa ni ndoo ya rangi

Wadau, kuna kisa kinazunguka Kashozi tangu msimu wa harusi uliopita, na kila kinapofika kinaongezewa chumvi. Chumvi ikitolewa, kinachobaki ni hiki.

Kijana mmoja alirudi kutoka Dar kuja kuposa. Mtu wa ofisi, nshomile kamili, simu mbili, viatu havitaki tope. Nyumbani kwao mtumbwi wa kukamulia ulishapasuka siku nyingi, upo nyuma ya jiko kuku wanatagia. Na posa ya Kihaya bila rubisi ni maneno matupu. Basi kijana akaona isiwe tabu, akachukua ndoo mbili za plastiki zilizobaki wakati wa kupaka nyumba rangi, akaziosha kwa sabuni, wakakamua, wakatia mtama, wakafunika. Kesho yake safari ya ukweni, vibuyu vimefungwa majani vizuri, kwa nje huwezi kujua.

Baba mkwe akavuta mrija mara moja tu. Akauweka chini taratibu, akamgeukia mshenga: "Mzee mwenzangu, hawa wametuletea rubisi au wametuletea ukuta?"

Posa haikuvunjika, lakini walirudishwa wakajipange upya. Sasa badala ya watu kusema kijana alitumia ndoo mbovu, wamehitimisha kwamba rubisi ya ndooni si rubisi. Na anayeumia na hitimisho hilo si kijana, yeye kashapanda basi kurudi Dar. Anayeumia ni mama mmoja mjane hapo hapo Kashozi, ambaye kwa miaka kadhaa anakamua kwenye ndoo yake safi ya lita 20, anauza, mtoto anasoma. Sasa wateja wanapita mbele ya nyumba yake wanaulizana kwa sauti, "leo rangi gani?"

Huo ni uonevu. Tena ni uonevu wa watu wasiojua kilichoharibu pombe.

Kwanza tuelewane kwa nini ndoo imeingia Buhaya. Mtumbwi, obwato wenyewe, ni gogo lililochongwa likawa na tumbo refu. Ndani yake zinamenywa ndizi zilizoivishwa siku kadhaa, wanaume wanakanyaga na majani mpaka togwa litoke, linachujwa, unga wa mtama uliokaangwa unaingia, yanafunikwa majani ya migomba, na kesho yake inanyweka. Chombo kile kilitengenezwa kwa ajili ya kibanja kilichoshiba, kwa mtu mwenye mikungu ya kutosha na majirani wa kukanyaga. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ukaonekana Muleba, ukasambaa mkoani, na ndizi za pombe zilikuwa miongoni mwa zilizopigwa sana. Watu waling'oa migomba kwa mikono yao wenyewe huku wanalia. Mwenye mikungu minne leo akiimwaga kwenye mtumbwi wa babu yake, togwa linalala chini kama maji ya mvua kwenye barabara. Eneo la juu kubwa, kina hakuna, hewa inaingia kila upande. Mpaka jioni ya pili imeshakuwa siki.

Kwa hiyo chombo kidogo si uvivu wala si uzungu. Ni hesabu ya ndizi zilizopo. Halafu lipo jambo ambalo wazee hawapendi kulisikia: kazi ya mtumbwini ilikuwa ya wanaume. Mjane bila vijana wa kukanyaga alikuwa ananunua rubisi, hauzi. Ndoo imembadilishia mahesabu. Anakamua kwa mikono kwenye beseni, anachuja, anafunika, hamwombi mtu. Huenda ndiyo sababu kelele dhidi ya ndoo zinatoka zaidi kwa upande mmoja wa jamii, lakini hilo tuliache.

Turudi kwenye ndoo yenyewe, maana hapa ndipo pesa na afya vinapopotea.

Plastiki zote si ndugu. Geuza ndoo uangalie kitakoni. Kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 2 ni aina ngumu inayotumika sana kwa vyombo vya chakula na maji. Lakini namba peke yake haitoshi, maana hata ndoo ya rangi inaweza kuwa na namba 2. Kinachotakiwa ni alama ya bilauri na uma, au uhakika kwamba ilizaliwa kubeba chakula na haijawahi kubeba kingine. Plastiki inanyonya. Rangi, dawa ya kahawa, dawa ya ng'ombe, vyote vinaingia kwenye mwili wa ndoo na sabuni haivifikii. Ukiweka maji ya baridi huwezi kusikia harufu. Ukiweka kitu kichachu chenye kilevi, kikakaa usiku kucha kina joto lake, kinaanza kuvuta kila kilichojificha. Kijana wa Dar aliosha ndoo vizuri kabisa, na bado baba mkwe akanywa ukuta. Na afadhali ukuta una harufu. Dawa ya mimea inaweza isikupe taarifa yoyote mpaka uko hospitali.

Wengine wanakimbilia dumu la njano la mafuta ya kula. Ni la chakula, sawa. Shida yake ni mdomo. Mkono hauingii, kwa hiyo huwezi kusugua, na kwenye zile kona za mpini mabaki ya wiki iliyopita yanakaa yanaota. Mafuta nayo hayaishi kabisa, yanaua povu na yanachacha. Na kubwa kuliko yote, dumu lina kifuniko cha kukaza, na mtu akiona kifuniko cha kukaza mkono unamwasha akikaze. Gramu 100 tu za sukari zikiliwa na hamira zinatoa zaidi ya lita 20 za hewa. Lita 10 za togwa zina sukari mara kadhaa ya hiyo. Hewa yote hiyo itakaa wapi? Dumu linavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, halafu usiku wa manane nyumba nzima inaamka ukuta umeoga mtama.

Debe la bati, lile la kung'aa kwa zinki, hilo hapana kabisa. Uchachu wa pombe unakula zinki, zinki inaingia kwenye kinywaji, wanywaji wanatapika halafu wanasingizia kwamba mama kaweka kitu. Ugomvi wa uchawi umeanzia kwenye mambo madogo kuliko hayo. Sufuria ya alumini nayo isilale na rubisi. Ya kuchemshia maji inatosha.

Sasa nshomile wa kweli hawezi kukubali ndoo. Yeye kaona mtandaoni mtungi wa chuma kisichoshika kutu, una koki, una kipimajoto, una miguu mitatu kama chombo cha kwenda mwezini. Anataka uletwe kutoka ng'ambo. Ni chombo kizuri, hakuna anayebisha. Chuma hicho hakinyonyi harufu, kinasuguliwa mpaka mwisho, kinakaa miaka. Ila kuna kitu cha kuchekesha: Wamarekani, ambao serikali yao iliwaruhusu rasmi kutengeneza bia nyumbani kwa sheria ya mwaka 1978, wengi wao wanaanza na nini? Ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Kipimo chao cha kawaida ni galoni tano, yaani karibu lita 19. Mama wa Kashozi na mtu wa Chicago wamekutana kwenye ukubwa ule ule bila kupigiana simu. Mtungi wa chuma uwe wa mtu anayekamua kila wiki na ana uhakika wa wateja. Kwa mtu wa posa moja na Krismasi moja ni pambo la sebuleni.

Jaba la lita 100 nalo watu wanalipenda kwa sababu ya bei ukigawa kwa lita. Hesabu hiyo ni ya maji. Rubisi ina siku moja mbili za utamu, baada ya hapo inakimbilia siki, na hakuna friji kijijini ya kuweka lita 80 zilizobaki. Afadhali ndoo tatu zilizopishana siku kuliko jaba moja linalokulazimisha kuuza kwa mkopo ili lisiharibike. Wanaouza pombe za kienyeji wanajua, mkopo ndio unaofunga biashara hizi, hata kabla ya habari za leseni. (Na leseni ipo, Sheria ya Vileo ni ya tangu 1968, anayeuza aipitie ofisi ya kata mapema, asisubiri mgambo. Kutonesha gongo ni habari nyingine kabisa, hiyo ina sheria yake ya 1966 na haina utani.)

Basi ndoo ya lita 20 yenye mdomo mpana, mpya, ya chakula. Jaza lita 15 tu, tano zibaki za povu. Mtama ukishaanza kazi unapanda kama maziwa motoni. Ya kunywa kesho haihitaji kubanwa: kitambaa safi juu, kifuniko kikalalia bila kukazwa, nzi wadogo wasiingie, maana hao ndio wabeba siki. Anayetaka ikae siku nne tano afanye kama wanavyofanya wenzetu wa nje, atoboe kifuniko, apitishe mpira mwembamba, ncha ya nje izame kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka, ya nje haiingii, na mapovu kwenye chupa yanakuambia pombe imefika wapi. Usiisugue kwa chuma wala mchanga, kila mkwaruzo ni chumba cha kupanga cha wadudu. Siku ndoo ikichakaa, iwe ya kunyweshea ng'ombe.

Hapa sasa ndipo wazee wana hoja, na hoja yao si ndogo. Rubisi ya mtumbwini ina ladha ambayo ndoo mpya haina. Wanasema ni mti. Ni kweli ni mti, lakini si kwa maana wanayodhani. Hakuna mtu Buhaya anayenunua hamira dukani kutia kwenye rubisi. Hamira inatoka kwenye maganda, kwenye mtama, na sehemu kubwa imejificha kwenye vitundu vya ule mbao wenyewe. Mtumbwi uliokamua miaka thelathini una jeshi lake ndani, togwa likigusa tu, kazi inaanza. Ndoo mpya ni kama kambi isiyo na askari. Inachelewa, na wakati inachelewa wadudu wa siki wanapata nafasi ya kwanza. Ndiyo maana mtu anajaribu ndoo mara moja, inatoka chungu haina nguvu, anaapa harudii.

Pili ni joto. Togwa linapochacha linatoa joto, na mbao nene iliyofunikwa majani inalitunza. Lita 15 kwenye plastiki nyembamba zinapoa haraka, hasa usiku wa mvua wa Bukoba ambao hauna huruma. Ndoo isiwekwe sakafuni kwenye saruji. Iwekwe juu ya majani makavu, izungushiwe blanketi kuukuu, isogee karibu na mafiga, si juu yake.

Na kwa jeshi, dawa ni kuazima. Unachukua jagi moja la rubisi inayochemka ya jana, pamoja na mashapo yake, kutoka mtumbwi unaoaminika, unatia kwenye ndoo yako ya leo. Baada ya hapo unabakiza mashapo yako mwenyewe kila awamu. Hiyo ndiyo siri nzima, na ndiyo sababu wanaopasua mitumbwi ya babu zao kuwa kuni wanafanya kosa ambalo hakuna duka la kulirekebisha. Kijiji kinahitaji angalau mtumbwi mmoja ulio hai, hata kama nyumba nyingine zote zimehamia kwenye ndoo.

Kwa Kashozi mtumbwi huo upo, wa mzee mmoja ambaye ndiye msemaji mkuu wa kwamba rubisi ya ndooni si rubisi. Kwenye vikao anaongea mpaka mate yanakauka. Lakini kila mama yule mjane anapokamua, mjukuu wake anatumwa na jagi jekundu kwa mzee, anapiga goti, anasalimia, na jagi linarudi limejaa. Kesho yake jioni, giza likianza kuingia, mzee anaonekana anakata kona kwenye kibanja cha mama, ameshika mrija wake mwenyewe.