Usiku wa Oscar na hadithi yetu iliyosafiri kwa jina la wengine



Waliokesha usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, kuanzia saa nane za usiku kwa majira ya Lubumbashi hadi karibu saa kumi na mbili asubuhi, walikuwa wakingojea jina moja litajwe kutoka jukwaa la Dolby Theatre kule Los Angeles. Filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, Soundtrack to a Coup d'Etat, ilikuwa miongoni mwa tano zilizoteuliwa katika kundi la filamu za matukio ya kweli. Jina halikutajwa. Tangu siku hiyo nasikia malalamiko kwamba Kongo imenyimwa haki yake hata katika sinema. Mimi ni mpenda sinema wa siku nyingi, nami nasema hatukunyimwa.

Tazameni kwanza ni nani aliyeshinda. No Other Land ni kazi ya watu wanne, Wapalestina wawili na Waisraeli wawili, inayoonyesha jinsi nyumba za Masafer Yatta, katika Ukingo wa Magharibi, zinavyobomolewa na wanajeshi. Basel Adra, mmoja wao, alianza tangu ujana wake kupiga picha za kijiji chake mwenyewe. Mpaka usiku ule hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imekubali kuisambaza filamu hiyo, na hata hivyo wapiga kura wa Hollywood waliichagua. Adra alipopanda jukwaani pamoja na Mwisraeli Yuval Abraham, alisema kwamba amepata mtoto wa kike miezi miwili iliyopita, naye anatumaini binti huyo hataishi maisha anayoishi babaye. Basi, huyo alisimama akasimulia habari za nyumbani kwao. Je, sisi tungeshinda, ni nani wa kwetu angalisimama?

Simlaumu Grimonprez. Filamu yake, ya muda wa saa mbili na nusu, inaishitaki nchi yake bila kuionea haya, pamoja na Marekani na kampuni ya Union Minière. Imejaa picha za zamani na muziki wa jazz. Inaeleza jinsi Louis Armstrong alivyotumwa kuzunguka Afrika mwaka 1960, akapiga tarumbeta hata hapa Elisabethville, wakati Lumumba yumo kizuizini Léopoldville. Inakumbusha kwamba urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Na jambo lililonipendeza mimi niliyesomea ualimu: kila dai linapotolewa, kioo huonyesha jina la kitabu na hata ukurasa lilimotoka. Tena Mkongomani In Koli Jean Bofane anasema humo kwa kinywa chake. Lakini picha nyingi zilitoka katika ghala za Ulaya na Marekani, na jina juu ya bahasha ni la Mbelgiji.

Wala si mara ya kwanza. Katika tuzo ya filamu za kimataifa kila nchi huruhusiwa kupeleka filamu moja tu, na filamu zetu hupitia mlango wa jirani. Rebelle, iliyopigwa huku Kongo, iliteuliwa mwaka 2013 kwa jina la Kanada. Rachel Mwanza, binti aliyewahi kuishi barabarani Kinshasa, alikuwa amekwisha kupata Dubu wa Fedha kule Berlin kwa kuigiza ndani yake. Félicité ya Alain Gomis, yenye Kinshasa nzima ndani yake, ilipelekwa na Senegali. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, inayogusa donda letu la watoto wanaosingiziwa uchawi, ilipelekwa na Ubelgiji. Kongo inatoa nyuso, barabara, machozi na nyimbo, na nchi nyingine zinatia sahihi. Mnaujua mtindo huo, maana ndivyo inavyokwenda shaba pia.

Mengine ya usiku ule nayapita upesi. Anora ilitwaa tano, na Sean Baker peke yake alibeba sanamu nne kwa filamu hiyo moja. Si filamu ya kuonyesha katika ukumbi wa parokia. Adrien Brody alishukuru kwa zaidi ya dakika tano, ilhali mtu hupewa sekunde 45 tu (nawajua viongozi wa jumuiya ambao wangemwelewa). Kwa Flow, lakini, ningependa msimame kidogo. Ni hadithi ya paka katika gharika, haina hata neno moja la binadamu, na ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote huichukua bure. Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili, haijawahi kupata Oscar kabla ya hiyo.

Wapo watakaoniuliza habari za Conclave, iliyopata tuzo ya uandishi huku Baba Mtakatifu Fransisko akiwa mgonjwa hospitalini Gemelli. Mwisho wake haukunishawishi. Hata hivyo sikuona ndani yake chuki dhidi ya Kanisa. Iliyonigusa zaidi ni Sugarcane, nayo mojawapo ya zile tano. Inahusu shule moja ya bweni ya misioni ya Kikatoliki huko Kanada, walikoteswa watoto wa wenyeji wa nchi, na mmoja wa waongozaji wake, Julian Brave NoiseCat, baba yake alizaliwa humo. Kuna wanaodhani Mkatoliki hapaswi kuitazama. Baba Mtakatifu mwenyewe alikwenda Kanada mwezi Julai 2022 kuomba msamaha, basi sisi tungeficha nini?

Narudi kwetu. Goma ilitekwa majuma matano kabla ya usiku ule, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Haya nayo yatatengenezewa filamu siku moja, na kama mambo yataendelea hivi, ataitengeneza mgeni, kwa picha za wageni. Habari za 1960 nazo zinatuponyoka. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru sasa amepita miaka 80, na wazee wa namna hiyo hukaa viti vya mbele misa ya kwanza kila Dominika, nanyi mnawapita mkiwa na simu mkononi. Simu hiyo ina kamera na ina kinasa sauti.

Nendeni wawili wawili. Andikeni jina la mzee, mahali alipokuwa, na tarehe kama anaikumbuka, kama vile Grimonprez anavyoandika ukurasa wa kitabu. Msimkatize. Muulizeni kama aliisikia tarumbeta ya Armstrong mjini. Kisha muulizeni juu ya Februari 1961, serikali ya Katanga ilipotangaza kwamba Lumumba alitoroka akauawa na wanakijiji: alikuwa wapi aliposikia, ni nani aliyemwambia, na je, aliamini?