Fedha ya Hijja na Sarafu za Mtandaoni



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, kijana mmoja alitusimamisha ngazini, akatuamkia, kisha akauliza: "Maalim, baba hataki kabisa niziguse hizi sarafu za kidijitali. Je, yeye amepitwa na wakati au mimi ndiye niliyepotea?" Tulimjibu kwamba huenda kila mmoja wao ana sehemu ya haki, tukamwahidi kuliandikia jambo hili katika safu yetu.

Tuanze na asili yake kwa ufupi. Tarehe 31 Oktoba 2008, katikati ya msukosuko wa mabenki, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa waraka wa kurasa tisa ulioeleza sarafu iitwayo Bitcoin, isiyotolewa na serikali wala kutunzwa na benki. Hesabu zake huandikwa katika daftari moja ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na idadi yake imewekewa kikomo cha milioni 21. Baadaye zilizuka nyingine kwa maelfu, na nyingi kati ya hizo hazifikii thamani ya karatasi hii uliyoishika.

Kuhusu hukumu yake katika sharia, wanavyuoni hawajawa na kauli moja. Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, aliiharamisha mwanzoni mwa 2018. Baraza la Maulamaa la Indonesia liliharamisha mwaka 2021 kuitumia kama fedha, ilhali huko Malaysia washauri wa sharia wa tume inayosimamia soko la mitaji waliruhusu kimsingi, mwaka 2020, kuuza na kununua mali za kidijitali. Sisi si mufti. Tulisomesha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na humo ndimo tutakamobaki. Lakini lile neno gharar, ambalo masheikh wengi wamelishikilia, halipo mbali na kile ambacho mwalimu wa hesabu hukiita hatari isiyopimika.

Basi tupime. Mwezi wa Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Kwa kila 100, zimepotea 77 na zimebaki 23. Wanafunzi wetu wangejibu haraka kwamba bei ikipanda tena kwa asilimia 77, mambo yatarudi yalipokuwa. La hasha! Ile 23 ikipanda kwa asilimia 77 haifiki hata 41. Ili irudi kuwa 100, sharti ijizidishe zaidi ya mara nne. Kushuka na kupanda si ngazi moja.

Nasi hatukusalimika. Katika mwezi huohuo wa Novemba 2021 mjukuu wetu alitushawishi, tukanunua za pauni 300. Mwaka ulipotimia zilikuwa zimebaki pauni 80 na ushei, tukaziuza kwa hasira. Mke wetu alituuliza kama hayo nayo tuliyasoma Chuo Kikuu. Ilikuwa aibu, wala haikuwa msiba, kwa kuwa fedha ile haikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikiingojea.

Msiba tuliushuhudia kwa jirani yetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kuusimulia bila ya jina. Yeye na mama yake walikuwa wameweka akiba ya Hijja kwa miaka tisa, pauni kwa pauni, hata ikafika 11,000. Mwaka 2021, kwa kuwa safari zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, aliona fedha imelala bure. Akaiweka yote katika sarafu hizi. Njia ya Makka ilipofunguliwa tena kwa wageni mwaka 2022, ile 11,000 ilikuwa imeshuka hata haitoshi kumpeleka mmoja wao. Marafiki wakamwambia: "Subiri, itapanda." Akasubiri. Mama mtu hakuulaumu uamuzi ule hata siku moja. Alifariki mapema mwaka 2024. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Bitcoin ilivuka dola 100,000.

Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Wale waliosema itapanda hawakusema uongo, maana ilipanda. Kosa halikuwa katika bei bali katika tarehe. Fedha ile ilikuwa na siku yake, na sarafu haikuijua siku hiyo. Ndiyo maana kijana anapotuuliza kama bei itapanda, sisi humuuliza fedha hiyo inatakiwa lini. Kodi ya nyumba, karo, mahari, deni la mtu, dawa za mzazi aliyeko Mombasa au Unguja: hizo zote zina tarehe, na hazifai kuingia humo hata pauni moja. Fedha ya kukopa ndiyo isitajwe kabisa. Kinachobaki baada ya hayo, kama kinabaki, mtu akate sehemu ndogo ambayo ikipotea yote watoto wake hawatajua kwamba kuna kilichopotea.

Ipo pia hatari ya yule anayekushikia amana. Wengi wetu hununua kupitia maduka ya mtandaoni na kuziacha hukohuko. Duka la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika mwaka 2014 baada ya kutangaza kupotelewa na sarafu zipatazo 850,000, na wenye mali wakangoja hadi 2024 ndipo wakaanza kurudishiwa sehemu ya sarafu. Duka la FTX lilianguka Novemba 2022. Ikadhihirika kwamba fedha za wateja zilichukuliwa zikatumika katika kampuni ndugu, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi wa Machi 2024. Hapa Uingereza benki ikianguka, kuna mfuko unaomlipa mwenye akiba hadi pauni 120,000 tangu Desemba 2025. Sarafu hizi hazimo katika dhamana hiyo.

Ukizitunza mwenyewe, mlinzi ni maneno 12 au 24 ya siri. Yakipotea, hakuna meneja wa kumwendea. Bwana James Howells wa Newport, Wales, aliitafuta kwa miaka mingi diski ya kompyuta iliyotupwa jalalani mwaka 2013, ambayo anasema ina ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000. Sisi twafikiri zaidi juu ya mirathi. Mtu akifa na maneno yake kichwani, warithi hawana cha kugawa, na mwenye kumdai hana cha kulipwa. Aliye nazo na aandike katika wasia kwamba anazo na pahala maneno yalipo, ndani ya bahasha iliyofungwa. Asiyapige picha kwa simu.

Juu ya ulaghai tungeweza kujaza toleo zima. Mwaka 2016 bibi mmoja aitwaye Ruja Ignatova alishangiliwa na umati katika ukumbi wa Wembley, London, akinadi sarafu ya OneCoin. Ilifika hadi Uganda. Haikuwa na daftari lolote la kweli nyuma yake, na waendesha mashtaka wa Marekani wanakadiria kwamba watu walitoa zaidi ya dola bilioni nne. Mwenyewe alitoweka Oktoba 2017. Walioingia hawakuwa wajinga: waliletwa na mpwa, shemeji au rafiki wa msikitini, na nani atamtaka mpwa wake stakabadhi? Sisi twasema amtake.

Kijana yule tumemwambia aje nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi, pamoja na baba yake, alete karatasi yenye mapato yake, madeni yake na tarehe zake. Baba amekubali kuja, kwa sharti kwamba simu ya kijana ibaki ndani ya gari.

Wassalaam.