Siku Kumi na Tisa za Utoro

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, tunakuomba uisome makala hii bila haraka, kwani ndani yake sisi walimu wa madrasa hii tumejishitaki wenyewe.

Yupo kijana wa darasa la wakubwa hapa kwetu Kongwa. Jina lake hatulitaji. Baada ya mavuno ya mwaka 2024 alipeleka posa, ikapokelewa, akaanza kudunduliza mahari. Miezi mitatu baadaye posa ikarudishwa, na binti akaolewa na mtu mwingine huko Morogoro. Hakuna aliyevunja sheria ya dini hapo, kwani binti ana haki yake ya kukubali na kukataa. Lakini kijana aliumia. Kwanza ulipotea usingizi, kisha hamu ya chakula, kisha akaacha kwenda shambani, na mwisho akawa hatoki ndani. Alitueleza baadaye kwamba hata kuinuka kwenda kutia udhu ilikuwa kama kubebeshwa gunia la mahindi sokoni Kibaigwa.

Je, sisi tulifanya nini? Tuliandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, siku kumi na tisa mfululizo. Tena katikati ya siku hizo tulimtuma mtoto mmoja nyumbani kwao, na alichotumwa kuuliza ni ada. Huko mtaani nako maneno yalikuwa mengi: karogwa, ana jini, mapenzi yamempanda kichwani, apelekwe Mirembe.

Hilo neno la mwisho tulisemee kidogo. Mirembe ni hospitali. Ilianza mwaka 1927, ipo Dodoma mjini, na mtu wa Kongwa anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na wagonjwa huletwa hapo kutoka mikoa ya mbali. Sisi tulio jirani nayo ndio tuliolifanya jina lake kuwa tusi la kutaniana barabarani. Mtoto anayekua akisikia "huyu katoroka Mirembe" kila siku, atakwendaje huko kwa miguu yake siku atakapougua?

Tumrudie kijana wetu. Aliyemuuliza hali hakuwa jirani wala mwalimu. Alikuwa mtu asiyemjua kwa sura. Kijana ni shabiki wa mpira, na kwenye simu yake yumo katika kundi la WhatsApp la mashabiki wenzake, watu kama mia mbili kutoka kila pembe ya nchi, na wengine wako Muscat kikazi. (Ameturuhusu tuandike habari zake kwa sharti moja, tusitaje ni timu ipi. Tumekubali, maana hata sisi katika ofisi ya walimu tumegawanyika katika jambo hilo na hatutaki ugomvi.) Usiku wa saa nane, usingizi ulipokataa, humo daima palikuwa na mtu macho: mlinzi yuko lindoni Dar es Salaam, dereva wa lori amelala Tunduma. Wanabishana nani aanze na nani akae benchi. Yeye hakusema lolote juu ya posa. Anasema ilimtosha kusikia watu wanazungumza jambo lisilomhusu yeye.

Kisha akanyamaza hata huko. Siku ya pili ya ukimya wake mtu akaandika: "Yule mdogo wetu wa Kongwa yuko wapi?" Siku ya pili, ndugu msomaji. Nasi tulikuwa na daftari.

Tumejiuliza kwa nini aliweza kuwajibu wale na asiweze kutujibu sisi. Huenda jibu liko katika mpira wenyewe. Tarehe 3 Juni 2023, Yanga walishinda 1-0 kule Algiers na bado wakalikosa Kombe la Shirikisho Afrika, kwa sababu USM Alger walikuwa wameshinda 2-1 Dar es Salaam na mabao yao ya ugenini yakahesabika zaidi. Tarehe 25 Mei 2025, zamu ikawa ya Simba: sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco pale Amaan, Zanzibar, baada ya kufungwa 2-0 ugenini. (Kwa hiyo msomaji asijaribu kubahatisha timu ya kijana wetu kwa njia ya msiba.) Baada ya fainali zile mbili, wanaume wazima wenye wake na wajukuu walisema hadharani kwamba wameshindwa kula, na hakuna aliyewaambia wajikaze. Walipewa pole. Sasa mwanamume huyo huyo aje msikitini aseme ameshindwa kula kwa sababu posa yake imerudishwa, tuone atapewa nini.

Na hili hatuna udhuru nalo, maana tunasomesha habari ya Mughith. Barira alikuwa mjakazi, na alipopata uhuru wake akachagua kutengana na mumewe, Mughith. Ibn Abbas (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, anamsimulia Mughith akimfuata Barira katika njia za Madina huku machozi yanashuka mpaka ndevuni. Mtume (S.A.W.) hakumcheka wala hakumkemea. Alimwombea kwa Barira, na Barira alipouliza kama ile ni amri, akaambiwa ni maombezi tu, naye akakataa, na ikawa basi. Haki ya mwanamke ilibaki, na machozi ya mwanamume hayakufanywa aibu. Nabii Yaqub (A.S.) naye, Sura Yusuf inatueleza, macho yake yaliingia weupe kwa huzuni, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilikuwa pungufu. Inakuwaje basi tumwambie kijana kwamba huzuni yake ni uchache wa dhikri?

Wanachuoni wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi, akawalaumu matabibu wanaoutazama mwili na kuiacha nafsi. Aligawa huzuni mafungu mawili, ile yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu inayoonekana, na hii ya pili akaihusisha na hitilafu ndani ya mwili, inayotaka tiba ya mwili. Mtu mwenye wasiwasi unaomrudia rudia alimwonya asikae peke yake. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, yaani mtu 1 katika kila 8, walikuwa na maradhi ya akili ya aina moja au nyingine. Ukihesabu swafu moja ya msikiti wetu utapata wangapi? Hatupingi ruqya, ni sunna. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha pia tutafute dawa, na mtu anayesomewa anaweza kumeza kidonge siku hiyo hiyo.

Aliyemwambia hivyo kijana wetu ni mama mmoja wa Tanga katika lile kundi, ambaye wote humo humwita Shangazi. Mwanawe aliwahi kuugua vile. Alimtumia ujumbe wa sauti: usiende peke yako, mchukue mtu wa damu yako. Kijana akamwendea mjomba wake, wakaanza na hospitali ya wilaya, kisha wakaenda Mirembe. Alitarajia kuona minyororo. Aliona mabenchi, na kwenye mabenchi mwalimu, askari, mama mwenye mtoto mgongoni. Daktari alisema ni sonona, akampa dawa na kumwonya kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, asiziache njiani. Ziko siku bado anashindwa kuamka.

Tusije tukaeleweka kwamba tunawasifia vijana kukesha na simu. Katika kundi hilo hilo kuna matusi, kuna mabishano yanayopita juu ya adhana ya magharibi, na kuna mikeka. Kijana mwenyewe amekiri kwamba katika miezi ile alicheza mkeka, na sehemu ya mahari aliyorudishiwa ikaishia huko. Kamari ni haramu, na kwa mtu mwenye huzuni ni sumu mara mbili. Simu ya saa nane za usiku nayo hula usingizi ule ule ambao daktari anautafuta. Yote haya tumemwambia. Lakini mzazi anayetaka kuivunja simu leo tunamuomba kwanza akae na mwanawe jioni tatu, amsikilize. Haifai kumnyang'anya mtu kamba aliyoishika kabla hujampa mkono.

Na mabinti je? Mvulana anaweza kukaa kijiweni akazungumzia mpira. Binti ambaye posa yake imevunjika huambiwa ana nuksi, tena na wanawake wenzake, na hana hata kijiwe. Tumewaomba maustadhati wawili wakae na wasichana kila Alhamisi baada ya darasa, bila mwalimu wa kiume karibu. Wiki mbili za mwanzo hakuzungumza mtu. Wiki ya tatu walikaa mpaka karibu na magharibi.

Daftari letu nalo limebadilika. Neno "mtoro" tumelifuta, na anayekosa siku mbili anafuatwa nyumbani na mwalimu mwenyewe. Mwezi uliopita kijana wetu alikosa siku mbili. Tukaenda wawili, tukamkuta amelala chali anasikiliza mpira redioni, timu yake inafungwa. Alipotuona akaketi haraka, akauliza:

"Maustadhi, ni ada?"

Tukamwambia siyo ada. Akatusogezea mkeka, ule wa kukalia, tukasikiliza naye mpaka mpira ukaisha.

Wabillahi tawfiiq.