Aliyebebwa Mgongoni Hakuchagua Mpaka

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, hapa Vurra, insha yenye kichwa "Nchi Yangu". Mmoja wao alirudisha karatasi yenye kichwa hicho tu. Alibebwa mgongoni kutoka Yei mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka sita. Baadaye aliniuliza faraghani, "Mwalimu, niandike ipi?" Nilikosa jibu, nikaenda kuisoma Katiba.

Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini, mwenye mzazi, babu au bibi wa jamii za asili zilizokuwapo tarehe 1 Februari 1926. Wakakwa wamo katika orodha hiyo. Lakini Wakakwa wapo Koboko, wapo Yei, wapo na Kongo, na kijana wangu alizaliwa ng'ambo. Hata hivyo, ibara hiyohiyo inaendelea kusema kwamba, popote ulipozaliwa, ikiwa mzazi, babu au bibi yako alikuwa raia wa kuzaliwa wa Uganda wakati huo, nawe ni raia. Basi bibi wa Koboko aliyeolewa Yei ni mlango, ingawa wachache huubisha.

Na asiye na bibi huyo? Akiasiliwa na raia kabla ya kutimiza miaka 18, huandikishwa. Vinginevyo, Ibara ya 12 inaruhusu kuandikishwa kwa mhamiaji aliyeishi hapa miaka 10, mradi alikuja kihalali na kwa hiari. Kwa hiari! Nafundisha lugha, na neno hilo linanisumbua. Nani alimwuliza mtoto wa miaka sita hiari yake? Tena ibara hiyo inamfungia njia ya kuandikishwa hata aliyezaliwa Uganda, ikiwa mzazi wake alikuwa mkimbizi.

Inabaki tajnisi, ambayo Mahakama ya Katiba ilikubali mwaka 2015 kuwa mkimbizi anaweza kuiomba. Sharti lake ni kuishi nchini jumla ya miaka 20, pamoja na kujua Kiingereza au lugha ya kienyeji iliyoainishwa. Kijana wangu anatania kwa Kilugbara kuniliko mimi, lakini atangoje hadi mwaka 2036. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kusoma na kufanya kazi, kura hana.

Naona aliyeletwa akiwa mtoto asiulizwe hiari, na miaka 10 imtoshe. Najua majirani wanahofia ardhi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000, waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao. Nasi wa West Nile tumesahau upesi: baada ya 1979 wazee wetu walikimbilia Zaire na Sudan, na Kiswahili cha mama yangu kilitoka huko.

Kwa sasa, ndugu msomaji uliye katika hali hii, tunza hati ya familia, kadi ya chanjo na ripoti za shule. Kijana wangu ameleta insha mpya. Inaanza kwa jina la bibi yake, na bado anatafuta mzee wa kumthibitishia alizaliwa Koboko au Kaya.